Mama mkwe ametupa dawa zangu za kifafa, nami ni mjamzito

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umeungua, nisaidie kabla hasira haijanifikisha pabaya. Nina kifafa tangu utotoni, nikimeza dawa sianguki, na mume wangu Kasiani alilijua hilo kabla hajanioa, ila niliposhika mimba mama yake akasema dawa zitamharibu mtoto, akazitupa chooni, nilipolalamika Kasiani akaniambia, "Mvumilie mama, anakutakia mema." Juzi nikaanguka jikoni, mkono ukaingia motoni, mama mkwe na mawifi wamesimama wanaambiana, "Msimguse, povu linaambukiza," mpaka jirani yetu Nesta aliposikia kelele akaja mbio kunivuta. Mtoto bado anacheza tumboni, lakini sasa wanasema nitajifungulia nyumbani, watu wasione aibu yao, na Kasiani bado ananiambia nimvumilie mama. Jina langu usilifiche.

Ikupa, Ndalambo

Ikupa mwanangu, pole sana. Aibu ya nyumba hiyo si kifafa chako, ni watu wazima kutazama mkono wa mjamzito ukiungua. Povu haliambukizi mtu.

Lakini nawe nakugombeza: umeungua, huna dawa, halafu unakaa kusubiri gazeti? Nenda hospitali leo, Nesta akusindikize. Mweleze daktari dawa uliyokuwa unameza, ilitupwa lini, na ulivyoanguka. Kweli zipo dawa za kifafa zinazoweza kumdhuru mtoto, ndiyo maana anayebadilisha ni daktari, si mama mkwe. Kuziacha ghafla kunaweza kukuua wewe na mwanao. Ujifungulie hospitali yenye daktari, na miezi ikikaribia uhamie kwa ndugu yako yeyote anayeishi karibu nayo. Lala vya kutosha, usikae na moto peke yako. Ukishajifungua usiache dawa, na mtoto mnyonyeshe ukiwa umekaa chini, ili ukishikwa na kifafa asidondoke.

Sasa wewe Kasiani, najua gazeti hili litakufikia. Kumheshimu mama ni amri, ila hakuna amri inayokutaka umwache mkeo aungue. Akianguka tena, ondoa vitu vya hatari, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Akizidisha dakika tano, mkimbize hospitali. Tafuta gari, pikipiki hapana, maana anaweza kuangukia njiani. Mama yako akikuuliza unakwenda wapi, mwambie unampeleka mkeo kwa daktari, na uondoke bila kusubiri jibu.