Asali Juu ya Muhogo wa Mangapwani

Jumatano, 4 Agosti 1971

Kidawa kafaulu! Nesi! Mwanangu, nimemzaa mimi Biasha niliyeishia darasa la nne! Hata bismillahi nimesahau kuiandika. Vigelegele vyangu vimefika Malindi nzima.

Ijumaa ya wiki ijayo tutasoma maulidi hapa nyumbani. Mchele hakuna, mwezi mzima tunakula muhogo, basi na wageni watakula muhogo. Nshamwagizia kaka Pandu, Mangapwani. Wake mchungu — lakini mimi fundi! Namwagia asali, uchungu husikii. Shemsa, kitindamimba wangu, hula sahani mbili. Na watoto wa jirani Mwanamkasi nawapelekea kila siku.

Jumamosi, 7 Agosti

Mwanamkasi kaja na maneno yake. Ati Bi Biasha, nesi mzima, karamu muhogo? Nikamwambia wako wewe kafaulu nini, kulala? Tumecheka mpaka khanga zikatuvuka.

Kisha kashusha sauti. Asali hiyo si ya nyuki wa kule pangoni Mangapwani? Ina wenyewe, mashetani wa pango, haichukuliwi bila ubani. Nikamwambia aende zake.

Lakini sahani ya Shemsa ilibaki ukumbini. Sisimizi wameizunguka, duara zima — hakuna aliyegusa. Na asali yote ile! Nimeiosha haraka. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 10 Agosti

Shemsa kaamka anatembea kwa ncha za vidole. Kama mtu anayepita chumba chenye maiti. Homa hana. Halii. Mama, anasema, visigino havitaki kushuka.

Magoti yanagongana. Hatua zake huzisikii. Nageuka jikoni — yuko nyuma yangu.

Mwanamkasi hata hodi hakupiga. Si nilikwambia! Wenyewe hao!

Nimechoma ubani.

Jumatano, 11 Agosti

Kidawa kaja. Nimemweleza pango, nyuki, sisimizi. Hakucheka. Kauliza neno moja tu: muhogo mchungu?

Nikamjibu kwa maringo, uchungu utoke wapi na asali ya mama'ko?

Kakaa chini, pu!

Asali, mama, ni sukari tu. Nguvu ya mara moja, kisha imekwisha. Muhogo una wanga, unashibisha kutwa. Lakini vyote viwili havijengi mwili, hata ule gunia. Dagaa, kunde, ndivyo vinavyojenga, ndivyo vinavyousaidia mwili kupambana na sumu. Na ule uchungu ndiyo sumu yenyewe inakuonya. Asali haiitoi. Inaufunga mdomo wako tu usiisikie. Muhogo ule hurowekwa siku kadhaa, ukaanikwa juani.

Nani msomi kama mwanangu! Nikamuuliza, na miguu ya Shemsa, itashuka?

Kidawa wangu, mwenye jibu la kila kitu, kavishika visigino vya mdogo wake akawa anavisugua. Anasugua tu.

Alasiri mzigo wa Pandu umeshushwa, magunia manne. Kabla sijafungua kinywa Mwanamkasi kajitwika moja akamenye kwake. Nnamsikia dirishani anawafundisha majirani wenzake ule ufundi wangu wa asali. Wanausifu!

Nimetoka mbio kuwazuia. Uchochoroni wanawe wawili wananijia, wameshikana mikono. Kwa ncha za vidole. Wanamuiga Shemsa, nimejiambia, watoto hao. Nikawaambia washushe visigino.

Wamejaribu. Havishuki.

Na Ijumaa, baada ya sala, wageni wote wanakuja kwenye maulidi.