Mpishi wa Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 4 Machi 1957

Chakula cha mchana kwa Mzee Bakari, karibu na stesheni. Wali na nyama, shilingi moja. Na senti kumi juu yake, kwa kuwa wanawake hula nyuma ya pazia. Mzee anasema pazia lina gharama ya kufuliwa. Nina mwaka na nusu hapa Voi na sijaliona limefuliwa.

Wali safi, punje moja moja. Mchuzi hauna chumvi kabisa. Nilidhani ni ulimi wangu, nikaonja tena. Si ulimi wangu. Baba aliwapikia mameneja wa mkonge kule Muheza miaka yote ya utoto wangu, na ulimi ndio urithi pekee alioniachia.

Ajabu. Anayepika ni Bi Mwanaisha, mke wa Mzee, na sijala kwa mtu anayemfikia tangu nivuke mpaka. Mwaka jana nilitaka kuacha kazi nirudi Tanganyika. Nilikaa kwa sababu nyingi, na pilau yake ni mojawapo.

Jumatano, 6 Machi

Majivu. Kwaresima imeanza.

Nyumba za wauguzi bado tumekatazwa kupika. Stovu ya mwenzetu iliunguza godoro mwezi wa Januari, na sote tunaadhibiwa. Basi ni hoteli kila siku. Mwanamke peke yake, na mji mzima unatazama anachotia mdomoni.

Nimezipima tena zote. Mhindi wa duka la nguo huuza sambusa, senti kumi. Nzuri, lakini sambusa si chakula, ni salamu. Hoteli ya madereva kwenye barabara ya Mombasa: ugali na maharage senti arobaini, mchanga bure. Mama Wakesho sokoni: kimanga cha mihogo na maharage yaliyopondwa, senti thelathini, unashiba mpaka usiku. Ila hupika siku za soko tu. Kwa Bakari ndiko ghali, na ndiko ninakorudi.

Jumamosi, 16 Machi

Leo chumvi imezidi. Dereva wa lori kutoka Maungu alisukuma sahani akaomba chai. Mzee Bakari alimpa chai bila kumtazama usoni.

Nyuma ya pazia naona jikoni, kwa kuwa mlango haufungwi. Nilimwona Bi Mwanaisha anatia chumvi, anaonja, anafikiri, anatia tena. Mpishi wa miaka ishirini hafikiri. Nikasogea mlangoni nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Halafu akasema mafua ya mwezi uliopita yalikwisha, lakini yaliondoka na kitu.

Jingine alilisema kwa sauti ya chini. Mzee analalamika wateja wanapungua. Mfungo wa Ramadhani ukiisha na chakula hakijarudi kama zamani, ataleta mpishi mwanamume kutoka Mombasa. Yeye atakwenda kwa dada yake Maungu, akapumzike. Alilitaja hilo la kupumzika kama watu wanavyotaja kulazwa.

Si kazi yangu. Nimeandika tu.

Jumanne, 19 Machi

Si kazi yangu, lakini nimechukua wodini chupa ya mafuta ya karafuu, yale ya meno. Saa tisa, hoteli tupu, Mzee amelala. Nikamwambia Bi Mwanaisha afumbe macho.

Karafuu, hakuna. Kitunguu saumu, hakuna. Mafuta ya taa, hakuna. Nikamsogeza kwenye vitunguu vinavyokaangwa na hiliki, harufu imejaa mpaka barabarani. Akainama akavuta pumzi ndefu.

“Nasikia joto tu, mwanangu,” akasema.

Sukari anaihisi kwa mbali. Chumvi haijui mpaka imchome. Nikamwambia ukweli: huenda ikarudi, huenda isirudi, nimeona yote mawili, na dawa hatuna. Akafunika sufuria. Akaniomba Mzee asijue.

Nilikubali upesi mno. Nimejikasirikia njia nzima mpaka nyumbani.

Jumanne, 2 Aprili

Mwezi uliandama jana. Leo ya kwanza ya Ramadhani.

Mchana hoteli inawahudumia wasiofunga, kwa staha, pazia jingine likiwa limetundikwa mlangoni. Kwa hiyo leo wanaume wote wamekuja kula upande wangu, wamebanana, wamenyamaza. Wawili kati yao nawafahamu, wana majina ya Kiislamu. Sikuwaona.

Mchuzi ulikuwa na chumvi ya kuhifadhia papa. Hakuna aliyenung'unika. Karani mmoja wa reli alisema kwa upole kwamba mpishi amefunga, maskini, ataonjaje. Wote wakatikisa kichwa. Hata Mzee alitikisa.

Bi Mwanaisha aliyasikia hayo akiwa jikoni. Nilimwona anakaa chini kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Amepata mwezi mmoja wa kusamehewa.

Ijumaa, 5 Aprili

Sasa mimi ndiye mwonjaji.

Bi Mwanaisha alinifuata mwenyewe. Majirani wangeweza kumwonjea kwa ncha ya ulimi, anasema dini haikatazi, lakini ulimi huohuo ndio wanaosengenyea. Mimi ni mgeni, Mkristo, napita pale kila siku, na sina wa kumhadithia. Yote kweli. La mwisho limeniuma kidogo.

Tangu jana niko zamu ya asubuhi, na nikitoka saa kumi napitia mlango wa nyuma. Naonja mchuzi wa futari. Nasema ongeza, nasema acha. Yeye anapima kwa kiganja, ananitazama mdomo. Sahani yangu hataki niilipie.

Leo palikuwa na tatizo. Ijumaa ya Kwaresima, siku tusiyokula nyama, na sufuria ni ya ng'ombe. Nimeonja kwa ncha ya ulimi, nikatema, nikasukutua. Akacheka, akasema sasa nimefunga kama wao.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua usiku wote. Barabara ni uji mwekundu.

Wateja wa futari wameongezeka. Mzee Bakari ananung'unika kwa furaha. Leo amesema pengine mke wake alikuwa na uchovu tu. Bi Mwanaisha aliendelea kukuna nazi. Anaijua hesabu kama mimi: natoka wodini saa kumi, na chakula cha mchana kinatoka saa sita. Ramadhani ikiisha, cha mchana ndicho kitakachomlisha, na saa sita sipo.

Nilimshauri amwambie mumewe. Akakataa. Nilimshauri tena nikiwa mlangoni. Akaniambia niangalie nisiteleze.

Ijumaa, 19 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimekwenda kwake saa kumi kumwambia kwamba leo siwezi. Nyama siigusi, hata kwa ncha.

Tukabaki tumesimama pande mbili za sufuria. Yeye amefunga na hata angefungua asingejua kitu. Mimi ulimi ninao na nimeukataza. Mbuzi mzima ndani, na katika jiko lile hakuna mtu wa kusema kama ana chumvi.

Hakunisihi. Nilitamani anisihi, ningepata sababu ya kukasirika. Alitia kiganja kimoja, akasita, akatia nusu, akasema bismillahi.

Nilikaa nyuma ya pazia na kikombe cha maji nikisikiliza. Jua likazama. Wateja wakafungua kwa tende. Kisha wakaanza mchuzi, na mazungumzo yakakatika. Mmoja akaita maji. Wa pili akaita maji. Mzee Bakari akatania kwamba bahari imehamia Voi, wakacheka, wakamsamehe mpishi aliyefunga.

Baada ya wateja kuondoka Mzee alisimama kwenye mlango wa jiko, hakuingia. Hajawahi kuingia, jiko ni la mkewe tangu hoteli ifunguliwe. Alisema taratibu:

“Mwanaisha, Mfungo ukiisha tutamsingizia nani?”

Nimerudi nyumbani na njaa. Najiona mtu mbaya. Sijui dhambi ni ipi, kuonja au kukataa.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Mama Wakesho alinichukua kwao Bura, kwa lori la mboga. Misa, halafu kuku, viazi, kabichi iliyochumwa asubuhi hiyohiyo. Chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula mwaka huu. Hakina bei, kwa hiyo siwezi kukilinganisha na chochote.

Watoto wa nyumba ile waliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema mbali. Si mbali, ni treni mbili.

Alhamisi, 25 Aprili

Orodha ya zamu imebandikwa. Siku ya Idi niko zamu ya asubuhi, wodi ya uzazi. Niliomba kubadilishana, nikapata: mwenzangu Mtaita atanishikia kuanzia saa nne, nami nitamshikia Jumapili. Nitakuwa jikoni saa tano, pilau itatoka saa sita.

Pilau ya Idi ndiyo mtihani. Watakuja wote, wa reli, wa maduka, madereva. Na yule mpishi wa Mombasa atakuwepo pia. Mzee amemwalika aje ale na alione jiko. Bi Mwanaisha aliniambia hilo huku anachambua mchele, hakuinua macho.

Niliuliza kwa mara ya mwisho kwa nini asiseme. Akasema mumewe alimwoa kwa umbo, umbo likaenda, akabaki naye kwa mkono wa jikoni. Huo nao ukienda, hataki kuwepo kuona kinachofuata.

Nikamsaidia kuchambua mchele. Mimi sijaolewa.

Jumanne, 30 Aprili

Watu walisimama uwanjani kutazama mwezi. Mawingu. Haukuonekana. Wanakamilisha thelathini.

Siku moja zaidi. Bi Mwanaisha aliipokea kama mtu aliyeongezwa ujira.

Alhamisi, 2 Mei

Idi.

Saa nne kasorobo gari la wachimba madini liliingia kutoka Kishushe, mwanamke amelala nyuma juu ya magunia. Uchungu tangu juzi, mtoto ametanguliza makalio. Mwenzangu alikuwa amefika kunipokea. Alimtazama mwanamke, akanitazama mimi. Hajawahi kumtoa mtoto wa namna hiyo. Mimi nimewatoa.

Nilijua saa sita imepita kwa sababu adhuhuri iliadhiniwa. Kisha sikufikiria tena. Mtoto wa kiume, alikawia kulia, akalia. Mama yuko salama.

Nilifika hotelini saa kumi. Benchi zimepinduliwa, sakafu imemwagiwa maji, hakuna mtu. Jikoni moto umezimwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Nimekula mkate kitandani. Nimelia, hasa kwa uchovu, lakini si uchovu tu.

Ijumaa, 3 Mei

Bi Mwanaisha amenihadithia mwenyewe.

Alinisubiri. Supu ikachemka, mchele ukawa tayari kutiwa, mimi sipo. Wateja wamekaa, mtu wa Mombasa amekaa mbele na shati jeupe. Akatoa kichwa mlangoni akamwita mumewe. Mzee akaja mpaka kizingitini, akasimama hapohapo.

“Ingia,” akamwambia. “Ingia uonje. Mimi sionji wala sinusi kitu tangu Februari.”

Mzee akauliza kwa nini hakumwambia.

“Ningekwambia, ungeniweka wapi?”

Anasema Mzee aliitazama sufuria kutoka kizingitini. Halafu akavua viatu, kama anaingia msikitini, akaingia. Akashika mwiko. Akaungua ulimi. Akasema ongeza. Akaungua tena, akasema ongeza kidogo, basi, tia mchele. Mtu wa Mombasa alikula sahani mbili, akashukuru, akapanda treni ya jioni. Hakuna aliyemwambia kitu kuhusu kazi.

Niliomba radhi kwa kutofika. Akanishika mkono, akasema mtoto kwanza. Akaniuliza ameitwa nani. Hawajampa jina.

Nimefurahi. Naandika tena ili niamini: nimefurahi. Na nina wivu, wa nini sijui.

Jumatano, 8 Mei

Mvua imekatika. Joto.

Chakula cha mchana kwa Bakari. Saa sita kamili, niko zamu ya usiku wiki hii. Pilau, shilingi moja na senti kumi. Nilitoa pesa, Mzee akazipokea.

Wote wawili walikuwa jikoni. Walikuwa wanabishana kuhusu hiliki. Mzee haipendi, kumbe hakuwahi kuipenda, ameila miaka ishirini kwa adabu. Sasa haitiwi. Chumvi nayo huitia kwa woga. Nyama imeiva, mchele umeiva, hakuna kosa la kulishika. Sahani kama hii hata Maungu ipo, kwa senti themanini.

Nikasikia Bi Mwanaisha anacheka. Sikumbuki kama nimewahi kumsikia akicheka na mumewe.

Alitoka kufuta meza. Mgongo umenyooka. Akasimama mbele yangu na kitambaa mkononi, akanitazama mdomo, kama ule mwezi wa Mfungo.

“Imekuwaje, mwanangu? Sema kweli.”

Nikasema ni ileile. Nikasema mkono wako haujaenda popote.

Akashusha pumzi, akarudi jikoni. Nilikaa kidogo, kisha nikaimaliza sahani yote.