Viatu vya Shangazi Nabra Mlangoni pa Lifti

Kairo,
Ramadhani 19

Kwako Mama,

Kuna sauti moja imekaa sikioni mwangu tangu wiki ya kwanza ya mfungo. Ni ile pumzi anayoivuta Shangazi Nabra kabla hajacheka, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Niliisikia ikitoka kwenye televisheni, na shangazi mwenyewe yuko huko kwenu Aswani.

Lakini salamu kwanza. Assalaam alaykum, Mama. Natumai presha imetulia na goti linakuruhusu kusali umesimama. Mimi ni mzima na ninafunga bila taabu. Abre uliyonitumia, ule mkate wetu mkavu wa kuloweka, bado ipo. Kila magharibi naloweka kidogo tu ili nisiimalize.

Siku hiyo nilikuwa nimealikwa futari na wenzangu wa studio. Kazi yangu unaijua: kusahihisha maandishi ya vipindi na matangazo kabla hayajasomwa kwenye maikrofoni. Adhana ilikwisha, tende bado ziko midomoni, likaingia tangazo la samli. Mwigizaji mweupe kapakwa rangi nyeusi usoni na shingoni, masikio wakayasahau. Ni mtumishi, kama kawaida. Kwenye televisheni sisi Wanubi ni wapishi na mabawabu tu. Anafika kwenye lifti na kopo la samli kichwani, anaona sakafu inang'aa, anavua viatu na kuviacha nje. Mlango unajifunga, lifti inapanda naye pekupeku. Juu, watoto wa bosi wake wanaangua kicheko. Naye anavuta pumzi ile, kisha anacheka nao.

Meza nzima ilicheka. Hilmi, fundi wetu wa sauti, akanigusa bega akasema, "Haya Samha, jamaa yako huyo." Nikatabasamu, Mama. Nikachukua tende nyingine.

Unakikumbuka kisa chenyewe. Shangazi alikuja huku kutibiwa macho, binamu yangu Shauki na mimi tukampeleka hospitali tukiwa tumemshika mikono. Alivua viatu mlangoni pa lifti, na Shauki alipomuuliza vipi, alijibu hawezi kuingia na vumbi kwenye chumba cha watu. Jioni alicheka yeye wa kwanza, akatuapisha kisa kisitoke nje ya nyumba yetu. Na wa nyumba yetu walioko Kairo ni wawili.

Ndipo nikaanza kushuku. Nilimshuku muuguzi aliyetuona pale kwenye lifti, nikamshuku mwandishi wa tangazo, nikamshuku hata mama muuza mboga wa mtaani kwetu kwa kuwa aliwahi kuniuliza habari za shangazi. Kisha ukanipigia simu ukasema shangazi hatoki tena kwenda kukaa na wanawake, kwa kuwa watoto wa bombani wanavua kandambili akipita. Ukasema pia kwamba jirani yenu Fikriya amekwisha toa hukumu yake: "Nani mwingine kama si yule mpiga domo Shauki? Anawabeba waigizaji kwenye gari lake, anakula nao, kazi yake kuwachekesha. Ametuuza huyo." Halafu Mzee Khairi akarudisha sukari na vitambaa vya uchumba, akasema hawezi kumwoza bintiye Tahani kwa mtu anayemgeuza shangazi yake kikaragosi cha Waarabu.

Na mimi nikamchunguza Shauki kama askari. Nikagundua kwamba mwigizaji yule aliwahi kupanda gari lake, mara moja tu, kutoka uwanja wa ndege. Nikakuambia hilo. Nilijua litafika kwa Fikriya kabla ya tarawehe.

Shauki alikuja kwangu siku mbili baadaye, macho yamemwiva. Aliniambia, "Dada Samha, wewe umesoma, na hawa watu wa studio unawajua. Niulizie ni nani. Tahani hapokei simu yangu." Nilimmiminia chai, nikaahidi kuuliza. Muda wote alipokuwa akinieleza nilikuwa namtazama vile wauza dhahabu wa mjini wanavyotutazama sisi tukiingia dukani: nikisubiri kosa.

Nikamuuliza Hilmi, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Nilimuuliza mwigizaji yule alijifunzia wapi kucheka vile. Hilmi alivua spika za masikio akanikodolea macho. "Unaniuliza mimi? Kwani umesahau, bibie?"

Mama, sikuwa nimesahau.

Ilikuwa mwezi wangu wa kwanza pale, na wiki tatu nzima nilikuwa nakula peke yangu. Walikuwa wanajaribu maikrofoni mpya. Hilmi akasema, "Hebu sema chochote. Nyinyi watu wa kusini mna visa, tuchekesheni." Nikasimama nikawasimulia habari ya lifti. Nikaigiza sauti ya shangazi, mwendo wake, na ile pumzi. Niliiga vizuri, kwa kuwa nampenda. Walicheka wakashika matumbo, na mchana ule walinisogezea kiti. Pale studio sauti ikipendeza haifutwi. Inawekwa, siku nyingine mwigizaji anapewa aisikilize na kuiga. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Kwa hiyo nilijua tangu jioni ile ya samli, tende ikiwa mdomoni. Mimi niliyeandika kurasa mia moja chuoni juu ya jinsi filamu zinavyotudhalilisha, na wewe ukaziweka kabatini pamoja na Msahafu. Hakuna aliyenishuku, kwa sababu nimesoma. Nikaitumia heshima hiyo kumnyooshea kidole Shauki, ambaye kosa lake ni kuwa mcheshi.

Studio nimeacha. Nimewaandikia wafute sauti yangu, na sitegemei watafuta.

Juzi nilimwita Shauki nikampa barua hii ikiwa wazi, imeandikwa mpaka hapo juu. Aliisoma amesimama mlangoni. Alipomaliza alisema, "Na chai ukanimiminia." Akanirudishia karatasi akaondoka. Leo amerudi kusema anasafiri kesho na yuko tayari kuibeba.

Nisalimie Babu Awadha na wote wa upande wa mtoni, na umbusu mtoto wa Rida. Shangazi Nabra sijamwandikia salamu. Naomba umsomee barua yote, usiruke mahali, hata pale penye kicheko.

Nakala ya pili Shauki anampelekea Mzee Khairi. Nimeiandika kwa mkono wangu, neno kwa neno kama hii, na chini nimetia jina langu na la baba.

Binti yako,
Samha Khalil Dahab