Jumapili Mbili Karema

Alhamisi, 9 Desemba 1993
Nimefua, nimefagia, nimefunga madaftari ya darasa la tano kwenye boksi. Likizo. Lori la samaki linaondoka kesho asubuhi na dereva amekubali kutuchukua wote watatu: mimi, Yustina na Dafroza. Dafroza ni muuguzi, tumepanga nyumba moja hapa Mpanda. Yustina ni fundi cherehani na mchumba wa kaka yangu Leonsi. Mwaka wa nne huu ananiita wifi na harusi bado.

Leonsi yuko Karema, anatengeneza mabenchi na milango ya kanisa la zamani. Barua zake kwa Yustina ni kanisa tu. Kuta nene kama za ngome. Kengele iliyobebwa mabegani na watu kutoka mbali. Kwamba zamani askofu mwenyewe alikaa huko. "Siku moja uje ulione." Tangu Pasaka barua zimeadimika.

Mimi ndiye niliyesema twende tukalione, tumshtukize. Yustina amejishonea sketi mpya.

Ijumaa, 10 Desemba
Siku nzima juu ya magunia ya chumvi. Baada ya Sibwesa Dafroza alitapika. Yustina aliimba njia nzima mpaka sauti ikakauka. Tumefika jua likizama, mavumbi mpaka kwenye kope.

Shangazi Anatolia, dada yake baba, alitupokea mlangoni. Nilitegemea furaha. Alisema, "Mngeandika kwanza." Akamtazama Yustina, akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Leonsi hayupo, amekwenda Kapalamsenga kutafuta mbao. Atarudi Jumanne.

Migebuka, samaki wa ziwani, na ugali wa muhogo. Chakula kitamu. Lakini Shangazi ana nini?

Jumamosi, 11 Desemba
Leo kanisa. Sijawahi kuona jengo kama hili. Katekista ndiye aliyetutembeza, mtu mfupi, funguo nyingi kiunoni, anaongea haraka kama anafukuzwa. Alimwambia Dafroza apitishe mkono kwenye dirisha aone unene wa ukuta. Mkono wote uliingia mpaka begani. Ndani ni baridi, harufu ya mishumaa na popo. Alisema zamani ziwa lilifika karibu kabisa na kuta, sasa limerudi nyuma. Nilijaribu kufikiria matofali yale yote, nani aliyachoma, nani alibeba maji. Babu yangu alibatizwa hapa. Nilipapasa jiwe la ubatizo na kujisikia vibaya kwamba nimechelewa hivi kuja.

Mabenchi sita ya mbele ni mapya. Katekista akasema, "Haya ya Leonsi. Huyo hatumwachi tena arudi Mpanda." Tulicheka wote. Yustina alikaa kwenye benchi la kwanza, akapitisha kiganja kwenye mbao, akafumba macho. Nilidhani anasali. Kumbe anatabasamu.

Mnara hatukupanda. Ufunguo wake anao paroko. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumapili, 12 Desemba
Nitaandika ilivyokuwa.

Asubuhi Shangazi alisema Yustina anaonekana amechoka, abaki apumzike. Yustina akasema hajachoka. Tukaenda misa ya pili. Baada ya komunyo paroko akasoma matangazo. Usafi wa makaburi. Mbuzi aliyepotea. Kisha ndoa.

"Tangazo la kwanza. Leonsi, mtoto wa marehemu Batromeo na Magdalena wa Mpanda, na Veronika, mtoto wa Kristofa na Odilia wa hapa Karema. Ndoa itafungwa tarehe nane Januari. Mwenye kujua kizuizi chochote anapaswa kumwarifu paroko."

Nilisikia jina la baba kwanza. Nikafurahi kulisikia, kabla sijaelewa. Aibu hiyo nitaibeba.

Watu nyuma yetu waliguna kwa furaha. Dafroza alitukana kwa Kirundi, lugha ya kwao, kwa sauti, ndani ya kanisa. Yustina hakusogea. Wimbo wa mwisho aliuimba, beti zote. Mimi sikuweza hata mstari.

Nje aliniuliza jambo moja tu. "Skola, ulijua?"

Nikasema sikujua. Ni kweli. Lakini ameniita Skola.

Jumatatu, 13 Desemba
Mvua tangu asubuhi. Mto umejaa, barabara imekatika, lori haliji. Hatuwezi kuondoka.

Shangazi amekiri. Anajua tangu Agosti. Mama naye anajua. Walikubaliana mimi nisiambiwe kwa sababu ningemwambia Yustina. Ningemwambia, ndiyo. Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Shangazi alikiokota, akaomba radhi kwa Yustina, akasema yeye ni mtu wa kukaa hapa, ataishi na watu hawa mpaka kufa.

Yustina amefua nguo zetu zote, chafu na safi. Hazikauki. Nimemwomba msamaha mara tatu. Dafroza ameniambia niache, kwamba ninaomba ili mimi nipate usingizi. Inaniuma kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 14 Desemba
Leonsi amekuja kwa boti, na mbao zake. Alitukuta upenuni mwa nyumba ya Shangazi tukichambua mchele. Amenenepa.

"Nyie mmekuja lini?" Alikuwa ananiuliza mimi.

Yustina akasema, "Tulikuwepo Jumapili."

Akaweka mbao chini. Hakutafuta uongo. Akasema huyo Veronika ana mimba ya miezi sita, na baba yake alikuja na wazee, na yeye hakuwa na pa kupita. "Nilitaka kukuandikia. Kila nikishika kalamu nashindwa."

"Lakini ya kanisa uliweza kuandika," Yustina alisema.

Leonsi akalia. Hata kwenye msiba wa baba hakulia. Nilimchukia, nikataka pia kumfuta machozi, vyote kwa wakati mmoja, na sikufanya hata kimoja. Nilikaa na ungo mapajani. Yustina aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Mwisho akamwambia, "Nenda, utanyeshewa." Akaenda. Ubao mmoja aliusahau.

Jumatano, 15 Desemba
Mvua. Hakuna lori. Yustina amekula kidogo. Dafroza amemsuka nywele.

Alhamisi, 16 Desemba
Nimekwenda kwa paroko peke yangu, bila kumwambia mtu. Nilimweleza yote: miaka minne, posa iliyopelekwa, wazee wa pande mbili waliokaa wakala pamoja, wanaume wawili ambao Yustina amewakataa kwa sababu ya Leonsi. Nilisema nakuja kuarifu kizuizi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani awe mkali ili nigombane naye, akawa mpole.

"Uchumba si ndoa, mwalimu. Nitamwita Leonsi nimseme. Kumzuia siwezi." Kisha, "Yustina ndiye aliyekutuma?"

Nikasema hapana.

"Basi kamuulize yeye anataka nini."

Siku nne na sijamuuliza. Nilitoka na aibu.

Njiani, karibu na kisima, msichana mwenye ndoo kichwani alisimama kunipisha. Tumbo kubwa, miguu imevimba, umri labda miaka kumi na tisa. Alinitazama usoni, akatabasamu. "Unafanana naye. Shikamoo, wifi." Alitaka kupiga goti, na ndoo ile kichwani. Nikamzuia.

Nilikuwa nimemtengeneza Veronika kichwani, mwanamke mjanja, mdomo mwekundu. Nikasema marahaba. Nikamsaidia kutua ndoo apumzike. Alisema amesikia kuna wageni toka Mpanda kwa Shangazi, angependa kuja kutusalimia. Nikamwambia asije. Aliuliza kwa nini. Hajui. Hakuna aliyemwambia kwamba Leonsi alikuwa na mchumba. Nilimtwisha ndoo tena, nikaondoka. Ningemwambia nini, na angefanya nini nalo?

Ijumaa, 17 Desemba
Nimemuuliza Yustina anataka nini. Akasema, "Kupanda mnara. Nimekuja kuona kanisa, nilione lote."

Basi tumepanda. Paroko alitoa ufunguo bila maswali. Ngazi nyembamba, mavi ya popo, Dafroza akilalamika. Juu upepo. Mvua ilikuwa imekatika na ziwa lote lilikuwa wazi, na milima ya Zaire ng'ambo. Barabara yetu ilionekana pia, maji yameikata vipande. Yustina alizunguka pande zote nne, polepole. Aligusa kengele. Alisoma maandishi yake kwa vidole, herufi moja moja, ingawa si lugha anayoijua.

Kisha akasimama ukingoni. Karibu mno. Mimi niliganda. Dafroza alimshika kanga kwa nyuma.

"Siruki, nyie," Yustina alisema. Akacheka, kicheko kifupi. "Aliandika kweli. Ni zuri."



Jumapili, 19 Desemba
Lori litakuja kesho kutwa, wamesema mto umepungua. Yustina alitaka kwenda misa. Tulimkatalia. Akavaa akaenda, tukamfuata.

Tulikaa benchi la nyuma kabisa. Veronika alikuwa mbele na mama yake. Leonsi sikumwona. Paroko alipofika kwenye ndoa alinitazama. Au nilidhani ananitazama. Kisha akasoma. Tangazo la pili. Baba tena, Mama tena. Mwenye kujua kizuizi chochote.

Dafroza alininong'oneza, "Simama."

Nilijua haitazuia kitu. Paroko alishanieleza. Lakini mtu mmoja alitakiwa kusimama mbele ya watu wale aseme kwamba Yustina alikuwepo, kwamba kulikuwa na posa, kwamba hajaota. Mtu huyo ni mimi, dada wa bwana harusi, niliyepeleka barua ya posa na kurudisha majibu. Pia niliona kisogo cha Veronika, nywele zimesukwa vizuri. Mtoto fulani alikohoa. Paroko akafungua ukurasa mwingine, akaendelea na mchango wa mabati.

Sikusimama. Naandika hivyo ili baadaye nisijidanganye.

Yustina alikuwa anatazama mbele. Nyumbani hakusema lolote juu yake. Ni afadhali angesema.

Jumanne, 21 Desemba
Mpanda. Yustina alikaa mbele na dereva, sisi juu ya samaki. Alishuka stendi, akachukua mfuko wake, akasema kwaherini. Nilimtazama mpaka akakata kona.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Nilikuwa na maneno mengi. Yeye alikuwa na moja. "Ningefanya nini? Mtoto wa watu ana mimba." Ana magoti mabovu, alikuwa amekaa mkekani na hakuweza kuinuka. Hakuweza kunikimbia hata kama angetaka. Nikaenda kumchotea maji.

Jumamosi, 25 Desemba
Noeli. Yustina hakuja. Kila Noeli alikula kwetu. Mama alipakua sahani nne kwa mazoea: yake, yangu, ya Dafroza, ya Yustina. Akarudisha wali wa ile ya nne kwenye sufuria, punje kwa punje. Dafroza alitoka nje.

Jumamosi, 8 Januari 1994
Karema. Sikutaka kuja. Mama hawezi kupanda lori peke yake na hakuna mwingine wa kumshika. Nimevaa gauni la bluu, Yustina ndiye aliyelishona mwaka jana. Sina jingine la maana.

Kanisa limejaa, limepambwa kwa makuti mpaka kwenye nguzo. Ni zuri kweli. Veronika alitembea polepole, mkono mmoja chini ya tumbo. Leonsi alinitafuta kwa macho wakati wa kiapo. Nilitazama madirisha.

Walipotoka mlangoni kina mama wakapiga vigelegele. Mama alinitazama. Dada wa bwana harusi ni mimi peke yangu. Akaendelea kunitazama, macho yamejaa maji, ananiomba. Watu wakaanza nao kunitazama.

Nikapiga. Sauti ilitoka nzuri, ndefu, ikagonga ukuta ule ikarudi.

Alhamisi, 13 Januari
Shule zimefunguliwa. Watoto sitini na wanne, chaki hakuna. Sauti imenikauka.

Nikirudi nilipita kwa Yustina. Siku zote hizi nilikuwa nazunguka njia ya sokoni. Leo miguu ilichoka. Alikuwa barazani na cherehani yake, anashona sare za watoto, foleni ya wazazi imekwisha. Nilisalimia. Aliitikia. Hakuinua kichwa.

"Ulivaa lile la bluu?"

Nikasema nililivaa.

"Lilikukaa?"

Nikasema linanibana kwapani.

"Lilete."

Nilikwenda nikalichukua. Alilipindua ndani nje, akafumua mshono wa pande mbili kwa wembe, akapima kwa macho, akaanza kushona. Nilikaa kwenye stuli. Manyunyu yalianza, yakaacha. Mteja mmoja alikuja kuuliza vifungo, akaondoka. Yustina alipomaliza alikata uzi kwa meno, akalikunja, akanipa.

Nikasema asante.

"Haya," alisema, akavuta sare nyingine.