Mjomba wa Likizo

Jumatatu, 5 Agosti

Kosa la watu wengi wanaohudumia wanafunzi wa kutoka nje ya nchi ni hili: mgeni akisema "salama", wao hudhani kazi imekwisha. Wakati mwingine mtu husema salama ili umwache aende zake. Nilitaka kuyaeleza haya asubuhi kwenye semina, lakini mwezeshaji alinipa dakika mbili tu na kengele yake ikalia nikiwa bado kwenye utangulizi. Kengele! Kama ya mbuzi! Mimi, mshauri wa wanafunzi wa nje tangu chuo hiki kikiwa na jengo moja.

Semina ni ya wiki nzima, kwenye ukumbi mkubwa, kwa wafanyakazi wote. Imewekwa likizo makusudi, maana wanafunzi hawapo. Hosteli zimefungwa, maji yamekatwa. Matroni anatembea na kishada cha funguo kiunoni — unamsikia kabla hujamwona.

Mwezeshaji (binti mdogo, raba miguuni, sauti ya mwalimu wa michezo) akauliza mwanafunzi wa nje anakosa nini. Intaneti, akasema mtu wa kompyuta. Nidhamu, akasema mhasibu. Matroni akasema hawakosi kitu, na hasa hawakosi wajomba. Kila likizo ukiwauliza wanakwenda wapi, wote wana mjomba. "Mimi niliyezaliwa hapa hapa sina hata wa kusingizia!"

Tulivunjika mbavu. Nami nilicheka. Alichekesha, jamani.

Jumanne, 6 Agosti

Biskuti za semina zimepungua usiku. Mhasibu akasema panya. Matroni akainua pakiti: imekunjwa vizuri mdomoni na kubanwa kwa kibanio cha karatasi. "Panya msomi huyu."

Mchana, somo la kuwasikiliza wanafunzi. Sauti zao hazikuwepo, bila shaka, wako likizo. Tuliwasikiliza kwenye projekta.

Jumatano, 7 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Baada ya chai tulifanya igizo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa nje anayeaga, Matroni alikuwa Matroni. Akaniuliza, kijana, hosteli nafunga Ijumaa, unakwenda wapi? Nikafungua mdomo — na jibu likatoka lenyewe. "Kwa mjomba." Sikulipanga! Ndilo jibu fupi kuliko yote. Ukisema rafiki, utaulizwa rafiki gani. Ukisema sina pa kwenda, utaitiwa mkutano. Mjomba haulizwi maswali.

Ukumbi ukaangua kicheko. Na katikati ya kicheko simu ikalia. Nyuma ya pazia la jukwaa.

Tulitazamana. Kila mtu alikuwa na simu yake mkononi au mezani. Mtu wa kompyuta akapanda akavuta pazia.

Ngazi!

Ngazi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, wa uhandisi. Ametoka mbali, ndege mbili na basi la kutwa. Jina nilimpa mimi, kwa urefu wake. Ndiye anayetubadilishia taa ofisini bila kupanda kitu. Alikuwa amesimama kati ya mabenchi ya kwaya, kichwa kimeinama kwa ajili ya dari. Miguuni godoro jembamba. Shati limetundikwa kwenye stendi ya maikrofoni. Vitabu vimepangwa, vikombe viwili vya karatasi vimeoshwa na kugeuzwa vikauke.

Akatuamkia. Mmoja mmoja, kwa mpangilio wa umri! "Shikamoo Mzee. Shikamoo Matroni. Shikamoo mhasibu." Hakuna aliyeitikia. Siku tatu zote alikuwa hapo, umbali wa kitambaa. Amesikia yote. Ya wajomba, ya nidhamu, ya panya msomi.

Ndipo nikakumbuka siku ya mwisho ya muhula. Alikuja kunibadilishia taa, nikamwuliza likizo anakwenda wapi, akasema kwa mjomba, nami nikamwambia amsalimie sana. Amsalimie sana!

Mkuu wa chuo aliitwa. Akafika na miwani ya kusomea ikiwa bado puani. Kanuni anaijua kwa kichwa: mwanafunzi akilala kwenye jengo la chuo bila ruhusa, anafukuzwa. Na mwanafunzi wa nje akifukuzwa, kibali chake cha kuishi nchini kinakufa siku hiyo hiyo. Amebakiza mwaka mmoja.

Mkuu akasema kijana aliandikisha kwamba anakwenda kwa mjomba. Kama mjomba yupo na anamkaribisha, tutasema alipotea njia, akalala usiku mmoja. Kama hayupo, basi. "Haya, mjomba wake yuko wapi?"

Mhasibu akaikunja upya pakiti ya biskuti.

"Mimi hapa," nikasema.

Sijui nani alishtuka zaidi, Mkuu au mimi.

Mkuu akavua miwani. Akasema kikao cha nidhamu ni Ijumaa saa tatu, na mjomba aje mwenyewe. Kisha akaagiza: majengo yote yatiwe minyororo leo leo, asilale tena mtu. Jioni nikitoka nilimwona Matroni na mlinzi wakizunguka na toroli la minyororo. Maktaba, karakana, maabara, jengo la famasia. Kri, kri, kri. Ngazi alikuwa kwenye gari langu, magoti yamegusa dashibodi, anatazama mbele.

Alhamisi, 8 Agosti

Mke wangu hajanuna. Ameshtuka tu, kwa sauti.

"Baba watoto, una dada mmoja, na ananifika kiunoni. Huu mnazi ameuzaa lini?"

Nikamweleza tangu mwanzo, kwa vituo. Akanikatiza kwenye kituo cha pili akaenda kuunga benchi kwenye kitanda cha wageni, miguu isining'inie.

Semina imeendelea. Pazia halikurudishwa. Kila aliyesimama kusema alitazama kwanza jukwaani, kama kuna mtu. Mwezeshaji hakupiga kengele hata mara moja. Mada ilikuwa ukarimu. Nani angeisema?

Matroni alinifuata kwenye korido. Nilijua ananijia kwa maneno. "Mzee, wewe mjomba wa tangu lini?" Nikasema tangu jana. Akavuta pumzi. Akasema kesho kwenye kikao wataniuliza uongo wangu ni mkubwa kiasi gani, na yeye hataniokoa. Halafu, akiwa ameshageuka: ana sufuria kubwa nyumbani, kijana mrefu hula sana, nimwambie mke wangu. Huyu ni Matroni yule yule wa Jumatatu! Binadamu hatabiriki.

Ngazi amebadilisha taa zote za nyumbani, hata zilizokuwa nzima.

Ijumaa, 9 Agosti, asubuhi

Saa moja na nusu sasa. Naandika nimesimama.

Tulikuwa mezani watatu. Mke wangu, kwa kutaka tu kuchangamsha, akamwuliza Ngazi huyo mjomba wa mwanzo alimtunga vipi, maana naona ana mshindani. Ngazi akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumatano. Akasema, Mama, mimi sikumtunga, nilimwazima. Ni mjomba wa binti wa famasia.

Binti wa famasia namjua. Mdogo wa umbo, mwaka wa kwanza, anatoka nchi nyingine kabisa. Anasema salama hata kabla hujamaliza kuuliza.

Ngazi akaeleza. Binti ana mjomba wa kweli hapa mjini, alimsimulia mengi: ana kikohozi, hapendi simu, anakaa nyumba ya tatu nyuma ya stendi ya mabasi. Yeye akaona aibu kusema hana mtu, akamchukua mjomba huyo huyo akamwandikisha kwa Matroni. Hakudhani kuna ubaya, maana binti mwenyewe yuko kwa mjomba wake, analala kitandani.

"Nyuma ya stendi ipi?" nikauliza.

"Ile kubwa, Mzee."

Nimeishi mji huu maisha yangu yote. Nyuma ya stendi kubwa hakuna nyumba ya tatu. Hakuna nyumba ya kwanza! Kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna uwanja wa matairi chakavu.

Nikamwambia. Akaweka kikombe chini, polepole, kama kitavunja meza. Akasema kuna jambo. Mwezi uliopita binti alimwambia stoo ya jengo la famasia ni pazuri pa kusomea, haina mbu, haina madirisha. Alidhani anaongea tu.

Nikamwuliza lini amewasiliana naye mara ya mwisho. Akafungua simu. Binti alimwandikia Jumatano mchana, kumuuliza kama kweli amekamatwa. Ngazi alimjibu jioni. Jibu hilo halijafunguliwa mpaka leo. Akapiga mbele yangu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Jumatano jioni. Minyororo.

Na umeme wa majengo yaliyofungwa umekatwa, pa kuchaji hakuna. Na maji yamekatwa! Mke wangu ameshavaa viatu. Ngazi yuko nje, amefungua geti, anakimbia kimya kimya pale pale alipo kama mtu anayesubiri filimbi. Huenda binti yuko mahali pengine. Huenda ana rafiki, ana jamaa, huenda simu imeibiwa tu. Nasikia mwenyewe ninavyomtungia mjomba mwingine.

Kikao ni saa tatu. Tai yangu iko kitini.

Mzee, acha kuandika. Mpigie Matroni aje na funguo zote.