Kilio Bila Marehemu

Jumapili, 8 Julai 2001
Miaka saba tangu nirudi nchini nilikozaliwa. Kabla ya hapo Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, miaka thelathini na mitatu. Niko mbali daima — mbali na wapi, hilo tu hubadilika.

Eugénie, anayevuka daraja la mpaka kila siku na vitenge vyake vya kuuza, ameniletea neno la Muderhwa, jirani aliyenitunzia nyumba yangu kule Nguba, mtaa wa Bukavu, vita vyote hivi. "Papa Munyemana, anauliza: unarudi ao haurudi? Bruno, mutoto yake, anaoa mwezi ya nane, hana fasi ya kuweka bibi." Jibu Jumapili ijayo. Joselyne, binti yangu ninayeishi kwake, alisikia, akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi.

Jioni nilishuka ziwani nifikiri. Jiwe, mikaratusi, blanketi mabegani kwa ajili ya upepo. Ng'ambo, mabati ya Nguba. Nikavua kofia. Kimya! Sikufikiri chochote.

Jumatatu, 9 Julai
Hategekimana, mwalimu wa dini wa parokia, aliniona pale jiweni, akaja kuketi kando yangu. Hakusema neno mpaka mitumbwi ya kisiwa cha Nkombo ilipowasha taa kwenda kuvua sambaza, dagaa wa ziwa hili. Akanishika mkono, akaenda. Miaka sitini nimemtafuta mtu anayejua kunyamaza!

Jumatano, 11 Julai
Leo watu waliokuja kuketi nami walikuwa zaidi ya kumi. Nyasini, wote wakitazama maji. Nikawaonyesha ziwa linavyogeuka, kutoka shaba hadi majivu. Mama mmoja akajifuta machozi. Sikujua kwamba watu wa hapa huguswa hivi na machweo. Labda baada ya yote tuliyoyaona, kila mtu alihitaji jiwe lake. Nalala nikijiona mwanzilishi wa kitu.

Alhamisi, 12 Julai
Mwanzilishi! Leo wamekuja na mabenchi, termosi za chai na nusu ya kwaya. Ulipoanza wimbo wa mazishi nikamwuliza Eugénie kuna nini.
— Papa, ni kilio.
— Kilio cha nani?
— Yako!
Akanieleza walichokiona: mzee ameketi chini jioni, amejifunika blanketi, kofia magotini, uso kuelekea Kongo: ameletewa habari mbaya. Na nani hapa hajaletewa? Nikasimama, nikatangaza kwamba hakuna aliyekufa. Mukandori, mke wa Hategekimana, akatikisa kichwa: "Ule anakatala, njo anaumiaka zaidi." Kukana kwangu kukawa ushahidi wa uchungu; wakanipa kiti chenye mto.

Ijumaa, 13 Julai
Maharage yamejaa jikoni. Kila mlango umeleta. Joselyne amechoka kupokea pole.
— Papa, niambie basi hata mimi. Nani alikufa?
— Hakuna.
— Sasa juu ya nini unakaaka kule na blanketi?
Nikamwambia: nafikiria kama nirudi Bukavu. Akafunika sufuria ya maharage.
— Kilio iko muzuri kuliko ile.

Nilishuka tena. Wangekaa pale hata bila mimi! Ajabu: peke yangu sikuweza kufikiri, katikati ya umati usionitaka niseme neno, niliweza. Upepo ulilala. Mwewe wa mwisho alikatiza juu ya maji. Nikayatazama mabati ya Nguba, nikamkumbuka kijana niliyekuwa siku nilipoyapigilia misumari. Nilimpenda. Sikumtambua.

Jumapili, 15 Julai
Kilio hakiachwi wazi, asema Hategekimana. Hufungwa. Leo jioni mwenye msiba asimame, amtaje marehemu, aseme kilichobaki. Nimekataa mara tatu. Kila nikikataa, wanaongeza viti.

Na sasa Muderhwa! Habari imevuka daraja. Naye amelivuka, amevaa tai nyeusi, Bruno nyuma yake na kreti ya bia. Amenikumbatia mlangoni, analia kweli. "Pole, ndugu yangu. Ni nani? Ule muntu minamujua?" Nikasema: unamjua sana, mlikuwa majirani. Akalia zaidi. Kuhusu nyumba hakuniuliza. Haulizwi mtu mambo ya nyumba msibani.

Wananiita kutoka nje. Kwaya imenyamaza. Joselyne amesimama uani, hanitazami. Nimeomba dakika moja chumbani niandike nitakalowaambia, nisije nikalipamba nikiliona ziwa.

Sitarudi Bukavu.