Mna Mahari ya Kumweka? Kumbukumbu ya Mama Rosaline Nyambu wa Tuwan

Mwaka mmoja umepinduka, Mama, tangu geti letu la Tuwan libaki bila sauti yako. Watu wa Kitale bado wanapunguza mwendo wakipita hapo nje, kana kwamba utatokeza kichwa uwaulize wanamtafuta nani.

Tulipokulaza katika udongo wa Saboti, pembeni mwa viazi ulivyopanda mwenyewe, watu walilia, wakala, wakatawanyika. Swali walilotuachia lilikuwa moja: sasa nani atafunga geti? Leo tunakuletea jibu. Lakini tunakujua, hukupenda habari iliyokatwa kichwa, kwa hivyo tutaanzia mwanzo.

Wasiokujua na waambiwe. Wewe ndiwe Rosaline Nyambu, mke wa marehemu Mzee Ngige, muuza vitunguu na viazi. Siku ya soko Chwele ulikuwa juu ya pikapu kabla jogoo hajakohoa, magunia nyuma na wewe mbele na dereva, ukimfundisha kuendesha. Kila uliporudi ulikuja na Kibukusu, lugha ya huko, kidogo zaidi ya kile ulichoenda nacho. Chai yako ilikuwa na tangawizi ya kuwasha masikio. Aliyebisha kwako na njaa hakuondoka mikono mitupu, hata kama alichopata ni kitunguu na mahubiri.

Hata hivyo sifa yako kubwa ilikuwa wimbo. Kwetu, watu wa bwana harusi wakija kumchukua binti, hawafunguliwi kwa hodi. Geti linafungwa, akina mama wa upande wa binti wanasimama ndani, na wageni wanaulizwa kwa wimbo: ninyi ni nani, mmetoka wapi, mnamtaka nani. Wasipojibu kwa wimbo, wanakaa juani mpaka maua ya magari yanyauke. Na aliyeuliza, kutoka Tuwan mpaka Saboti, ulikuwa wewe. Hata mchungaji aliyekuja kufungisha ndoa ulimzuia, kwa kuwa alipiga honi. "Honi si wimbo, Pasta," ulimwambia, na mtumishi wa Mungu akashuka akaimba.

Siku moja jirani yetu Mwalimu Muturi alikuletea habari za Tibeti alizoziona kwenye runinga. Huko kwenye milima ya theluji, alisema, wageni wa harusi nao husimamishwa mlangoni wakaimba, na hata mlango wenyewe huusifu kabla haujafunguliwa. Uliacha kumenya viazi.

"Hao watu wako na mrima?"

"Mkubwa kushinda Elgon, Mama Gathii."

"Basi hao ni watu wetu," ulisema, ukaendelea kumenya.

Tangu siku hiyo ukadai geti lako lisifiwe. Ni geti la mabati, limebonyea pale Mzee Ngige alipoligonga kwa mkokoteni, lakini tumewasikia mawakili wa Bungoma wakiliimbia kama malango ya Yerusalemu.

Sasa tumfikie Nekoye, maana habari ya geti lako haisimuliki bila yeye. Nekoye ni mke wa Gathii, kifungua mimba wako, na ni binti wa Chwele, huko huko Bungoma. Wewe ndiwe uliyemjua kwanza, alipokuwa akikushikia nafasi ya magunia kando ya mama yake sokoni. Lakini alipoolewa alikuja kimya kimya, begi mkononi na mvua mgongoni. Wazee walikutana baadaye wakayamaliza mambo yao. Kwao Chwele hakuna aliyefunga geti, na Tuwan hakuna aliyemwimbia alipofika.

Nekoye hakulalamika. Ila kila harusi alisimama nyuma ya wenzake akashika komeo, kwa sababu kazi ya komeo haihitaji sauti. Miaka yote hiyo alijiona mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa dirisha. Alikupenda, Mama, na aliogopa kukuuliza kama na wewe ulimwona hivyo.

Ikaja harusi ya Nyaruai, kitinda mimba wako. Bwana harusi alikuwa Wanjala wa Bungoma, na msafara uliongozwa na baba yake mdogo, Mzee Zachary Wamalwa, mstaafu wa serikali, amevaa suti ya kahawia na kushika fimbo asiyoihitaji. Kwa heshima ya wageni uliamua kuimba kwa Kiswahili. Hapo ndipo herufi ilipokungoja, kwa maana ulimi wako, kama ndimi nyingi za kwenu, haukuelewana na l. Kila ulipokutana nayo uliigeuza r, na sisi tulikuwa tumezoea.

Mmetoka wapi? Bungoma, wakajibu kwa sauti nne. Mnamtaka nani? Nyaruai. Geti wakalisifu vizuri tu. Ukafika kwenye ubeti ulioupenda kuliko yote, wa kuuliza kama binti ana mahali pa kukaa huko aendako. Ukaimba: "Mna mahari ya kumweka?" Kwa makofi na vigelegele, huko nje hata "kumweka" ikasikika "kuweka".

Nyimbo za nje zikakatika.

"Ati mahari?" Mzee Wamalwa aliuliza. "Si tulimaliza hiyo maneno na wazee, tukakula, tukaomba? Sasa tunaulizwa kwa geti kama watu wamekuja kuiba?"

"Mzee, ngoja kidogo," Wanjala alimsihi.

"Nimengoja ya kutosha. Washeni gari. Wakikumbuka walipokea nini, watatuita."

Wewe ndani ulidhani wamekosa jibu. Basi ukawarudia ubeti uleule, kwa sauti kubwa zaidi. Injini zikaanza kunguruma, na Nyaruai, amejifunika shela chumbani, akasikia bwana wake anarudishwa Bungoma.

Nekoye peke yake ndiye aliyeelewa pande zote. Aliijua r yako, na aliyajua masikio ya watu wa kwao. Lakini desturi ni desturi: aliye ndani huuliza, hajibu, na mkaza mwana hamnyang'anyi mama mkwe wimbo mdomoni. Akifungua kinywa angekuaibisha mbele ya ukoo, na yeye mwenyewe alijiona hana hata haki ya kusimama pale. Akinyamaza, harusi ingekufa kwa sababu ya herufi moja.

Akaweka mdomo kwenye ufa wa geti akaimba kwa Kibukusu. Aliwaambia wazee wake kwamba huyu mama haulizi ng'ombe, anauliza kiti. Haulizi mmeleta nini, anauliza mtamkalisha wapi mtoto wake.

"Huyu sasa ni wa upande gani?" shangazi yetu Wahu alifoka.

Ulimtazama Nekoye, ukautazama ule ufa, na kicheko kikakupanda polepole. "Huyu ni wa geti," ulisema. "Geti iko na pande mbiri."

Nje injini zilizimwa moja baada ya nyingine. Mzee Wamalwa alicheka mpaka akakohoa, kisha akaimba yeye mwenyewe, kwa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta: "Tuna mahari, mama, tuna mahari karibu na jiko, tuna mahari karibu na dirisha." Alilitamka ulivyolitamka wewe, kwa heshima, na komeo likavutwa. Tangu siku hiyo wewe na Mzee Wamalwa mliitana "Mahari" hadi mwisho.

Siku chache baadaye Nekoye alirudi kutoka Chwele mchana na magunia matupu, akakuta geti limefungwa kwa ndani. Akabisha. Akabisha tena. Akakusikia unatembea uani, na hufungui. Akajua yamemfika: amevunja mwiko, na sasa anaonyeshwa njia aliyokuja nayo. Alikuwa ameanza kuyakunja magunia aende zake uliposimama nyuma ya bati ukaimba.

"Ni nani huyo?"

Magunia yalimponyoka. Mke wa Mwalimu Muturi, aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya ua, anasema Nekoye alilisogelea bati mpaka paji likaligusa. Kisha akajibu, peke yake, bila msafara wala gari la maua: ni Nekoye. Umetoka wapi? Chwele, kwa mama anayeuza vitunguu. Unamtaka nani? Ungetarajia aseme Gathii. Aliimba kwamba anamtaka mama wa hapa. Ukamdai alisifu geti, akalisifu mpaka ile alama ya mkokoteni. Halafu, kwa ujasiri ambao hatujui aliutoa wapi, akakugeuzia wimbo wako.

"Mna mahari ya kuniweka?"

Hukujibu kwa wimbo. Ulivuta komeo, ukamshika mkono. "Ingia," ulimwambia. "Nirichelewa kukufungia. Sasa umeingia kwa mrango."

Jioni ile alimsimulia Gathii akicheka na kulia kwa wakati mmoja, na sote tulijivuna kuwa watoto wako. Baadaye kila Jumapili mlikaa jikoni ukimrithisha nyimbo, ukimgombeza kwa mwiko alipoharakisha. Tulidhani mnapitisha muda tu.

Hili basi ndilo jibu tulilokuahidi. Mwaka huu aliolewa mjukuu wako, binti wa mwanao Waithaka, yule anayebeba jina lako Nyambu. Bwana harusi ni Kipkirui, na watu wake walikuja wamejiandaa. Ndani shangazi walitazamana. Nekoye alikuwa mahali pake pa siku zote, mkono kwenye komeo. Shangazi Wahu, yule yule aliyefoka, akaitoa leso yako ya kijani kwenye mkoba, akamfunga kiunoni. "Wa geti aende kwa geti," alisema.

Nekoye akauliza, na Kitale ikasikia. Alipofika kwenye ubeti wako tulishika pumzi, kwa sababu ulimi wake yeye unaiweza l bila taabu. Akaimba: "Mna mahari ya kumweka?"

"Si ni mahali mnataka kusema?" mama mmoja alirekebisha kutoka nje.

"Kwa hii geti ni mahari," Nekoye alimjibu. "Jibuni."

Wakajibu. Mzee Wamalwa, aliyekuwa ndani nasi safari hii kama mkwe wa nyumba, aliishika fimbo yake kwa mikono miwili na machozi yakamtoka waziwazi. Nyambu mdogo akatoka na shela yake, na geti likafunguka.

Tunakukumbuka sisi wanao Gathii, Waithaka na Nyaruai, mkwe wako Wanjala, shangazi Wahu, Mzee Wamalwa wa Bungoma, Mwalimu Muturi na mkewe, na wajukuu wote, pamoja na Nyambu na Kipkirui wake. Nekoye ameomba awekwe mwisho, kwa sababu mshika komeo ndiye wa mwisho kuingia.

Na wewe ukituuliza kutoka huko uliko, tuna jibu tayari: una mahari kwetu, Mama, karibu na jiko na karibu na dirisha. Kila geti litakapofungwa tutakukumbuka, na kila litakapofunguliwa, daima.